Meza ya Mama Kabula

Mwanangu Nyanjura,

Sanduku lako limefungwa kamba, liko karibu na mlango. Habari za sabuni, chandarua, fomu za chuo na mtu wa kumwulizia ukifika Musoma mama yako amekwisha kukueleza, tena mara mbili, nami sitaongeza. Barua hii nitaiweka juu ya vitu vyote kwenye mkoba wako wa mkononi. Anza kuisoma mara tu utakapokaa kwenye kiti, maana nataka uwe umeimaliza kabla basi halijafika Kisesa, na Kisesa si mbali.

Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo. Nimejaribu tangu Jumapili, siku ile mama yako alipokuwa anakunja nguo zako na wewe ukasema lile neno kuhusu Mama Kabula. Kila nikianza najikuta nakueleza habari za basi. Sasa umekwenda Nyakato kumuaga shangazi yako, jua bado lipo, nami nimekaa mezani.

Unajua kwamba nina daftari la kila siku. Ulipokuwa mdogo uliniuliza naandika nini, nikakujibu, "Mvua." Haukuwa uongo. Mvua imo, na bei ya sabuni imo, na nani alikuja, na nani alizikwa. Juzi nilitoa madaftari ya zamani chini ya kitanda nikatafuta mwaka ulipokuwa darasa la tano. Nilitaka kuona niliandika nini kuhusu Jumatano moja. Nimekuta maneno machache: "Mawingu asubuhi. Nimepokea katoni ya kalamu." Basi. Siku ile nilifanya jambo ambalo nimelikumbuka karibu kila wiki tangu hapo, na sikuliandika. Ndilo ninalokuandikia sasa, lakini lazima nianzie nyuma kidogo.

Nilipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ulikuwa hujaanza shule. Tuliitwa ofisini kwa majina, kila mmoja akapewa bahasha na kupewa mkono. Wakati ule tuliambiwa biashara ni huru, na kila mtu akatoka na meza. Aliyekuwa karani aliuza kalamu na madaftari, huyo ni mimi. Aliyekuwa dereva aliuza mitumba. Mwalimu wako wa darasa la kwanza aliuza vitumbua jioni, na wewe ulikuwa unaona aibu kumwamkia pale. Meza zetu zilijipanga pande mbili za njia ya kushuka soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, na mgambo walikuwa wanatufukuza kila walipokumbuka. Kwa ajili ya mgambo tukaanzisha umoja wa wafanyabiashara wa mtaa wetu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Bwire, muuza nyavu na ndoano, mtu wa mzaha. Mimi walinichagua katibu kwa sababu nilikuwa na kidato cha nne na mwandiko unaosomeka.

Mgambo ndio waliotukusanya, lakini ugonjwa ndio uliotupa kazi. Wewe unakwenda kusomea uuguzi, utafundishwa habari zake vizuri kuliko nilivyozijua mimi. Sisi hatukuutaja hata jina. Tulisema, "Naye ameanza kukohoa," au, "Amekwenda kwao kupumzika." Ilifika wakati hatuulizi tena msiba ni wa nani, tunauliza maziko ni saa ngapi. Tena meza ikikaa tupu wiki moja, mwingine alikuwa anaichukua. Mtu akipona hana pa kurudi, akifa watoto wake hawana pa kuanzia. Ndipo Mama Nyamisi, yule wa nyanya, aliposimama kikaoni.

"Kwetu mtu akiugua wakati wa kulima, majirani wanamlimia," alisema. "Meza si ndiyo shamba letu hapa? Tumshikie."

Tukaiita hivyo, kushika meza. Mgonjwa alikaa kwake, sisi tukauza vitu vyake kwa zamu, na jioni mwenye zamu alikwenda kumpelekea mauzo yake, akamchotea maji, akakaa naye kidogo. Hakuna ofisi iliyotuagiza wala mtu aliyekuja kutufundisha. Katika maisha yangu yote ya mjini sijaona jambo jema kuliko lile, na nataka ulijue kabla hujasoma yanayofuata, maana mimi ndiye niliyelitia doa.

Zamu zilikuwa zinachanganyika. Leo meza moja ina washikaji watatu wanagombania mwiko, kesho haina mtu. Unanijua, kitu kama hicho sikivumilii. Nikanunua karatasi kubwa ya manila, nikapiga mistari kwa rula. Kushoto niliandika jina la mwenye meza, kulia siku na jina la mshikaji. Juu kabisa, kwa wino mwekundu na herufi kubwa, nikaandika MEZA ZA WAGONJWA. Nikaibandika kwa uji wa muhogo kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, mahali ambapo wote tunapita. Mzee Bwire alisimama mbele yake, mikono nyuma, kama anakagua gwaride.

"Katibu," alisema, "hii hata serikalini hawana."

Nilifurahi wiki nzima. Zamu zilinyooka, hakuna meza iliyolala. Sikufikiri hata mara moja kwamba kwenye mashine ya kusaga hatupiti sisi tu.

Mama Kabula unamkumbuka vizuri. Meza yake ilitazamana na yangu. Minofu ya sangara ilikuwa inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa yake, na hakuna aliyejua kuyakaanga kama yeye. Ukitoka shule ulikuwa unautupa mkoba wako kwangu, unavuka, unakaa kwenye benchi lake kabla hata hujanisalimu.

"Mkwe wangu amefika," alikuwa anasema.

"Mkwe gani, na huna mtoto wa kiume?" nikimwuliza.

"Kwani nimefunga duka? Nitazaa!"

Benchi zima linacheka, na binti yake Kabula, aliyekuzidi miaka michache, anaficha uso kwa aibu ya maneno ya mama yake.

Mwaka ule Mama Kabula alianza kukohoa. Akakonda, akalala nyumbani karibu miezi miwili. Jina lake nikaliandika ukutani, mstari wa tatu. Tulimshikia meza vizuri, mama yako mwenyewe alikaanga Jumanne zote. Kisha akapata nafuu. Alirudi amejifunga kanga mbili ili gauni lisimvuke mabegani, akawasha moto wake, akatushukuru mmoja mmoja, akasema sasa tumwachie karai lake.

Watu wakaanza kupita bila kukaa. Siku ya pili walikuja vijana watatu wa mitumbwi, wateja wake wa siku zote. Mmoja alisimama akamtazama, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwangu, "Mama, kumbe leo siyo zamu ya yule mzima? Basi tutarudi keshokutwa." Wenzake walicheka, wakaenda zao. Kijana yule hakuwa amebuni. Alikuwa amesoma karatasi yangu, na mwandiko wangu unasomeka.

Mama Kabula alivuka njia akaja kwangu.

"Baba Nyanjura, naomba unitoe ukutani."

"Nitakutoa, kwa kuwa umepona. Jumamosi tuna kikao."

"Leo ni Jumanne."

"Karatasi ni ya umoja, siyo yangu. Nikifuta jina peke yangu, watasema katibu anafuta anavyotaka."

"Nani aliniandika?"

"Mimi."

"Ulikaa kikao?"

Sikuwa nimekaa kikao. Niliinama nikapanga kalamu ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Alisimama kidogo, kisha akarudi kwenye moto wake.

Kesho yake ndiyo Jumatano. Ulikuja mchana, ukatupa mkoba, ukavuka. Kwenye benchi lake hapakuwa na mtu mwingine. Mama Kabula alifurahi kukuona, nakumbuka alifuta sahani kwa ncha ya kanga, akaopoa kipande kwenye mafuta. Mimi nilisimama.

"Nyanjura! Njoo hapa. Utakula nyumbani."

"Baba, nina njaa."

"Nimesema njoo."

Nilisema kwa sauti, kwa sababu njia ilikuwa katikati yetu. Muuza mitumba alinyamaza na shati mkononi. Mama Nyamisi aligeuka. Mama Kabula alikirudisha kile kipande ndani ya karai, polepole, mafuta yasiruke.

"Nenda, mkwe wangu," alikuambia. "Baba anaita."

Usije ukanitetea kwamba enzi zile watu walikuwa hawajui. Wengine hawakujua. Mimi, muda mfupi kabla ya hapo, niliwasomea wanachama kipeperushi cha hospitali, kwa sauti yangu hii, kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa sahani wala kwa chakula wala kwa kukaa pamoja. Mzee Bwire aliniambia nirudie ili wa nyuma wasikie, nami nikarudia. Nilijua, na bado nilikuita. Mama Kabula aliugua nini hasa, sijui hadi leo. Kuna wakati nilitamani sana kujua, nikidhani jibu fulani lingepunguza kosa langu. Sasa naona halina nafasi katika hesabu hii.

Jioni ile uliniuliza, "Baba, nimemkosea nini Mama Kabula?"

Ningeweza kukuambia kwamba hukumkosea kitu. Nilikujibu, "Usizoee kuwasumbua watu kwenye biashara zao."

Asubuhi yake, kabla ya shule, ulibeba ndoo ya maji kutoka bombani, ukaiweka karibu na meza yake, ukakimbia. Nilikuwa nafungua sanduku langu la bidhaa, nikaona yote. Nilidhani utasahau. Halafu Jumapili hii, umekwisha kuwa mtu mzima, unakwenda chuo, unamwambia mama yako kwa kucheka, "Mama Kabula aliondoka bila kuniaga, nilimchosha kwa ulafi." Ulicheka, lakini ulikuwa unatazama chini.

Hukuwa mlafi. Ulikuwa mtoto anayetoka shule. Jambo ulilolibeba miaka yote hii ni langu, nilikupa nikaondoka.

Jumamosi tulikaa kikao. Nilieleza kwamba karatasi imeleta madhara ambayo hayakutarajiwa. Ndivyo nilivyosema, kwa lugha ya ofisi. Wote wakakubali itolewe. Mama Nyamisi akanyoosha mkono.

"Karatasi itoke, sawa," alisema. "Na tangazo la Jumatano, lile la sauti, nalo litabanduliwa na nani?"

Mzee Bwire, ambaye sikuwahi kumwona anakosa neno, alikuna shingo, kisha akasema, "Tutakula pale. Kila mchana, wanachama wawili wawili, hadharani. Katibu ataanza."

Nikaanza. Jumatatu nilikaa kwenye lile benchi, mwenye nyavu kushoto kwangu, nikala ugali na mapanki mbele ya mtaa mzima. Mama Kabula alinihudumia kama mteja yeyote. Karatasi niliibandua mwenyewe, lakini uji wa muhogo uliacha alama nne ukutani, na watu waliendelea kuzitazama alama zile kama bado zina maandishi. Wanachama walikula kwa zamu. Wateja wachache walirudi. Wengi walitazama kitu kimoja tu, kama mtoto wa katibu atarudi kwenye benchi. Mimi nilijua kwamba hicho ndicho wanachokitazama. Kila mchana nilikuwa nimekwisha kukupa maandazi kabla hujaweka mkoba chini.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sina maelezo yake. Kukuita ile siku ya kwanza ilikuwa hofu, ilinitoka mdomoni. Maandazi nilikuwa nayanunua asubuhi.

Hazikupita wiki nyingi Mama Kabula akatuambia anarudi Kisesa kwa mama yake. Umoja ukatafuta gari la kubebea mizigo. Mzee Bwire alisema meza iende naye, ni yake, tumeishika kwa ajili yake na siyo kwa ajili ya mtaa. Tukaipakia, na benchi, na karai limefungwa kwa gunia. Wewe ulikuwa shuleni. Niliusaidia mguu mmoja wa meza kupanda, nikasimama pale nikitafuta la kusema. Yeye ndiye aliyesema.

"Baba Nyanjura, umekula kwangu. Nashukuru. Wote mmekula." Alikuwa amekaa juu ya gunia la mkaa, anapumua kwa shida. "Lakini mwanao alikuwa anakula kwa njaa. Nyie mlikuwa mnakula kwa kikao."

Hakusema kwa hasira. Kisha akamwambia dereva twende.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua. Umoja ulikwenda kumzika, nami nilikwenda. Wewe tulikuambia kwamba tumekwenda kwenye msiba Kisesa, hukuuliza wa nani, na mimi sikutaja. Miezi mingi ikapita kabla hujaambiwa, na siyo na mimi. Katika daftari la siku ile niliandika: "Maziko Kisesa. Barabara ina tope."

Umoja wetu bado upo, kama unavyouona. Tunashika meza mpaka leo, na hakuna karatasi. Zamu anazikumbuka Mama Nyamisi kichwani, anakosea mara kwa mara, washikaji wanagongana, na mimi nimejifunza kuuacha mchafuko ule kama ulivyo. Huko uendako utapewa majina ya watu kwenye karatasi kila siku. Sina la kukufundisha kuhusu kazi yenyewe. Nakuomba tu kwamba kabla hujaandika, uinue macho uone nani mwingine anapita karibu na ukuta huo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kabula yupo Kisesa. Ameolewa, ana watoto, na anauza chakula kando ya barabara, karibu na pale mabasi yanaposimama. Meza ni ileile. Naijua kwa mguu mmoja niliousaidia kupanda garini, una kiraka cha bati. Nimepita pale nikienda Magu na kurudi, sijui mara ngapi, na kila mara nimekaa upande wa pili wa basi.

Kesho asubuhi utakuwa umeshangaa kwamba hukupewa chai. Mama yako alitaka kukukaangia chapati za njiani, tumebishana, nimemwomba aziache. Ametaka kujua kwa nini, nikamwambia. Akaniuliza kwa nini nimengoja hadi leo. Ila ameziacha.

Pia itazame tiketi yako vizuri. Inaishia Kisesa. Karani hakukosea, nilimwambia aandike hivyo. Basi la pili la kwenda Musoma linapita Kisesa kabla ya saa sita, nimemwuliza utingo wake na atakuwekea nafasi, na nauli yake iko ndani ya bahasha hii. Ukiona hutaki kushuka, mpe kondakta nauli hiyo uendelee na safari, na sitakuuliza kamwe. Hili si agizo. Wala sikutumi ukaniombee msamaha, hiyo safari ni yangu na nitaifanya mwenyewe, nimechelewa lakini nitaifanya.

Ila ukishuka, usimwambie Kabula kwamba nimekutuma, kwa sababu utakuwa na sababu yako mwenyewe. Utakuwa hujala tangu jana. Kaa kwenye benchi upande wa barabara, agiza mapanki na ugali, ule hadi ushibe. Usiharakishe, basi la pili lina muda.

Wakati ule nilikuita, ukaja. Kesho sitakuwepo kukuita.

Baba yako.